Namna ya Kulihoji Begi Lako Kabla Hujahojiwa Wewe

Usiku wa kuamkia safari, watoto wakishalala, chukua begi lako uliweke juu ya kiti cha plastiki katikati ya sebule, chini ya taa. Wewe keti mkabala nalo. Kunja uso. Begi likikuona unatabasamu litaficha siri zake zote, lije kuzimwaga kesho alfajiri kwenye mashine ya eksirei, mbele ya foleni ya watu waliolala kwa saa tatu tu na hawajanywa chai.

Wa nyumbani wakikuuliza unafanya nini, waambie ukweli: unalihoji begi. Kesho kuna kijana wa ukaguzi atakayeuliza maswali yaleyale, naye hatakuwa na muda wa kukusubiri ukumbuke. Afadhali uanze wewe.

Swali la kwanza: "Nani kakufunga?"

Hapo ndipo mabegi mengi ya kwetu yanapoanza kutokwa jasho. Begi la msafiri anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar kwenda Muscat, London au Toronto ni nadra kufungwa na mtu mmoja. Nguo kapanga dada. Pembeni, penye viatu, mama kapenyeza ubuyu. Shangazi kaleta furushi la mwanawe aliyeko huko: dagaa, kanga doti mbili, chupa ya achari. Shemeji kaongeza halua. Na saa nne usiku, geti limeshafungwa, anabisha hodi kijana aliyetumwa na rafiki wa jirani, mkononi ana kifurushi kilichozungushiwa utepe wa gundi mpaka hakijulikani juu wala chini. "Ni dawa tu ya mzee. Utapokewa na mtu uwanjani, namba yako anayo."

Kijana huyo mpe maji ya kunywa, mpe na nauli ya bodaboda, arudi na kifurushi chake usiku huohuo. Mtu usiyemjua amempa namba yako mtu mwingine usiyemjua, na jina lililo kwenye tiketi ni lako peke yako. Wapo watu wetu waliozeekea gerezani ugenini kwa kifurushi cha namna hiyo, na aliyewatuma hata sura yake hawaikumbuki.

La shangazi ni gumu zaidi, kwa sababu shangazi unampenda. Mkaribishe, mmiminie chai, kisha weka mkasi juu ya meza. Sema, "Shangazi, shikamoo tena. Naomba tulifungue hili pamoja, nikiulizwa huko nijue la kujibu." Atanuna. Atasema tangu uzaliwe hajawahi kukupa kitu kibaya. Mkubalie. Atakukumbusha nani alikununulia sare ya shule ulipoingia darasa la kwanza. Mkubalie hilo pia, na umshukuru, lakini mkasi usiondoke mezani. Mwishowe ataukamata mwenyewe. Ndani ya kanga mtakuta gazeti, ndani ya gazeti kitambaa, ndani ya kitambaa kopo, ndani ya kopo dagaa, na katikati ya dagaa noti ya dola hamsini ya mjukuu, imekunjwa mara nane. Cheka naye. Sasa unajua ulichobeba, na shangazi amepata nafasi ya kueleza kwamba dagaa hawa ni wa Kigoma, si wale wa mchanga.

Nashikilia mkasi huu kwa sababu ya tarehe 17 Aprili 1986. Siku hiyo mwanamke wa Ireland, Anne-Marie Murphy, alikuwa uwanja wa Heathrow anasubiri ndege ya shirika la El Al kwenda Tel Aviv. Alikuwa mjamzito. Mchumba wake, Nezar Hindawi, alikuwa amempa begi la safari na kumwambia atangulie, yeye atamfuata kwa ndege nyingine. Begi lilishapita ukaguzi wa kawaida wa uwanja. Waliolitilia shaka ni walinzi wa El Al, baada ya kukaa naye na kumwuliza maswali mepesi kabisa kuhusu safari na begi lake. Walipolipekua, chini yake palikuwa na kilo moja na nusu ya baruti ya Semtex, na kikokotoo alichopewa kilikuwa ndicho cha kuilipua. Hakujua lolote. Hindawi alihukumiwa kifungo cha miaka 45. Mwanamke yule alimpenda aliyempa begi, kama unavyompenda shangazi, na hakuna aliyekuwa ameweka mkasi mezani.

Swali la pili ulize kwa sauti ya chini: "Tangu ufungwe, umelala wapi?" Begi lililoachwa kwenye korido ya nyumba ya wageni, au lililosubiri dukani kwa mtu wakati wewe unabadilisha fedha, lifunguliwe upya. Na uwanjani usiliache lizurure. Mwaka 1985 ndege ya Air India namba 182 ilianguka baharini karibu na Ireland, watu 329 wakafa. Bomu lilikuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe alilikabidhi kaunta halafu hakupanda. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1988, begi jingine lisilo na abiria liliangusha ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, wakafa watu 270. Kwa hiyo ukisikia jina lako linaitwa kwenye kipaza sauti nawe bado unachagua manukato dukani, kimbia. Usipopanda, vijana watapanda tumbo la ndege kulitafuta begi lako moja kati ya mia mbili, na abiria wote watakuwa wamelishika jina lako kwa moyo.

Swali la tatu ni la begi la mkononi: "Umebeba nini?" Litakujibu, "Chakula tu." Lishike, ulitikise. Kinachomiminika, kinachopakika au kinachotikisika kama jeli huhesabiwa kuwa kimiminika, hata kama nyumbani tunakila kwa kijiko. Asali, samli, achari, mtindi, siagi ya karanga, mchuzi wa nazi, mafuta ya nazi, dawa ya meno. Kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vienee ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Wakaguzi wanaangalia ukubwa wa chombo. Kopo la nusu lita lililobaki samli ya vidole viwili bado ni kopo la nusu lita. Maziwa ya mtoto na dawa ulizoandikiwa hospitali zina nafasi yake. Zitoe mapema uzionyeshe. Halua inaweza kugawanya ukoo mzima, huyu anasema ni ngumu, yule anasema ni laini. Itie kwenye begi kubwa, ukoo upatane. Na unga pia una kanuni yake kwa wanaokwenda Marekani: tangu katikati ya 2018, unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kukaguliwa zaidi, hata kukataliwa. Dona la mama lishuke chini na halua.

Sharti la mililita 100 limetokana na Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliopanga kuingiza vilipuzi vya maji kwenye ndege, ndani ya chupa za vinywaji baridi. Viwanja kadhaa vyenye mashine mpya vimeanza kulilegeza, vingine bado, na safari yako inaweza kupitia vya aina zote mbili, kwa hiyo fungasha kwa kufuata kilicho kikali zaidi. Nasema haya kwa sababu niliwahi kumwona mama mmoja amesimama kando ya pipa la vilivyokataliwa, ameshika chupa ya asali ya Tabora kwa mikono miwili. Alikuwa anampelekea bintiye aliyejifungua. Alimwomba kijana wa ukaguzi aonje tu, ajue kweli ni asali. Yule kijana aliangalia chini kwa muda mrefu kabla ya kuipokea. Hakuna aliyekosa pale. Ni kwamba usiku uliotangulia hakuna aliyelitikisa begi. Asali ile ingefika salama ndani ya begi kubwa.

Pawabenki inakwenda kinyume na samli: hiyo ni ya begi la mkononi, kamwe isitiwe kwenye tumbo la ndege. Betri za lithiamu huweza kushika moto, na moto ulio karibu na wahudumu unaonekana na kuzimwa. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Kama kwenye pawabenki yako pameandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inatoa 74, hiyo inapita. Ile ya mtaani iliyofutika maandishi yote mwachie mdogo wako, atakushukuru.

Kuaga kufanyike nyumbani. Lieni nyumbani, piga picha nyumbani, dua isomwe nyumbani. Pale Jomo Kenyatta, Nairobi, kwa miaka mingi abiria walishushwa garini barabarani kabisa, wakapita kwenye ukaguzi kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake. Noah yenye wasindikizaji kumi na mmoja na sufuria la pilau itakula saa nzima ya mgeni rasmi. Na ukishafika, neno "bomu" lisitoke kinywani mwako, hata kwa utani na mtani wako wa kabila. Wakaguzi wanalazimika kulichukulia kama lilivyo, na ndege itaondoka mkiwa mnaelezana.

Imebaki milango midogo, ile ya kadi, inayoandikwa kuwa ni ya wafanyakazi. Hapa nazungumza na wewe uliye na kitambulisho shingoni, na naomba unisikilize kuliko abiria wote. Tumelelewa kumshikia mlango anayekuja nyuma, hasa akiwa amebeba kitu. Kwenye mlango ule uache ujifunge, kila mtu agonge kadi yake. Tarehe 7 Desemba 1987, huko California, mtu aliyekuwa amefukuzwa kazi katika kampuni ya ndege alipita na bastola bila kukaguliwa, kwa sababu alikuwa bado ana kitambulisho chake. Ndege aliyoipanda ikaanguka, watu 43 wakafa, akiwemo yeye. Na karibu zaidi na kwetu, Februari 2016, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta mpakato lilitoboa ubavu wa ndege ya shirika la Daallo muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mogadishu. Picha za kamera za uwanja zilionyesha abiria yule akikabidhiwa kompyuta hiyo akiwa ameshapita ukaguzi, na mmoja wa waliomkabidhi alivaa kama mfanyakazi wa pale. Ndege haikuwa imefika juu sana, rubani akaweza kuirudisha chini. Aliyekufa ni mwenye bomu peke yake. Abiria wote waliobaki walikuwa wamevua mikanda yao, wametoa funguo, wamesimama foleni kama walivyoambiwa.

Siku moja mjomba wako atakuja uwanjani unapofanya kazi, amechelewa, jasho linamtoka, atakuvuta pembeni. "Mwanangu, nipitishe hapo kwenye mlango wenu." Msalimie kwa heshima zote. Mpokee begi, umsindikize mpaka mwisho wa foleni ya abiria, usimame naye, umpepee kwa gazeti. Mkifika kwenye mkanda mwachie alipandishe mwenyewe, na kabla halijaingia mashineni mwinamie sikioni, kwa sauti ya mpwa, umwulize: "Mjomba, hili kalifunga nani?"