Yaya Ndiye Anayetusaili

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama mzazi likizo ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Mwanangu hakuisoma. Likizo iliisha, bosi akaanza kupiga simu, na mtoto hata kukaa hajui.

Kampala yaya hutafutwa kwa mdomo. Unamwambia shangazi kijijini, muuza matoke, hata kijana wa boda boda pale Ntinda. Kila mmoja ana binti “mtulivu, hajui mambo ya mjini.” Mtulivu wetu wa kwanza, kabla hajatua begi, aliuliza nenosiri la Wi-Fi.

Aliyemfuata alileta barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), yenye muhuri na saini, ikimsifu kuwa ana tabia njema, si mwizi wala mlevi. Nafasi ya jina ilikuwa tupu. Nilipomwonyesha, akaomba kalamu.

Tukaenda kwa wakala. Alichukua ada yake, akatuletea mama wa makamo, nadhifu, mwenye mkoba. Akakagua jikoni, akafungua bomba, akauliza: “Nyabo, mashine ya kufulia ipo? Wageni wa wikendi ni wangapi? Bwana anakula saa ngapi?” Mume wangu nami tulijibu kwa adabu, kama watahiniwa. Akasimama, akatuaga: “Nitawapigia.” Mpaka leo hajapiga.

Tangu mwaka 2014, iliposambaa video ya yaya wa hapa Kampala akimpiga mtoto mdogo, wazazi wengi hawalali bila kamera. Tulipompata yaya mwingine, mume wangu naye akaficha moja juu ya kabati. Jioni tukakaa kuangalia. Yaya alikuwa akimwimbia mtoto. Aliyenaswa ni baba mtu, amesimama jikoni, anamalizia uji wa mwanawe kwa kijiko kidogo cha plastiki.

Mtoto alimpenda yaya huyo kuliko mimi. Mwisho wa mwezi, mshahara ulipoingia tu kwenye simu yake, akaomba ruhusa ya harusi Masaka. Baadaye alitutumia picha: amevaa baibui, nyuma yake ngamia. Masaka hakuna ngamia.

Sikumlaumu. Waarabu wanamlipa zaidi. Hapa kwetu kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo hizo ni pesa za sukari tu, na bado kuna mabosi wanaolipa yaya kama wanampa sadaka, kisha wanalalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawatulii.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mlipe kwa wakati, mpe Jumapili yake, na asile makombo. Asipokuja yeye Jumatatu, na wewe kazini huendi.