Mzimu Asubiri Zamu Yake

Ukisikia katuni ya Kijapani ina vampaya, kaa aliyeiba uzito wa binti na konokono anayepoteza watu njia, utazima taa ujiandae kuogopa. Washa taa, maana utasoma tafsiri hadi macho yaume. Bakemonogatari, iliyotolewa na studio ya Shaft mwaka 2009 kutoka vitabu vya Nisio Isin, ina mazimwi wenye adabu kupindukia: hawamkatizi mtu akiwa anaongea. Na muda wote kuna mtu anaongea.

Kisa cha konokono kimekula vipindi vitatu, na sehemu kubwa yake ni bustani moja. Araragi, mhusika mkuu, yuko kwenye benchi, Senjougahara, yule binti aliyeibiwa uzito, anamsimanga kwa ustadi, na mtoto Hachikuji analikosea jina la Araragi kwa makusudi. Mzimu ametulia kama mzee kwenye kikao cha harusi, akingoja mwenyekiti aruhusu yatokanayo.

Basi mtazamaji mwenye shughuli zake anasogeza mbele. Anatafuta damu, anakuta sentensi. Anasogeza tena, anakuta shingo ya mhusika imepinda na maandishi yamepita kabla hajayasoma. Mwishoni anauliza kwa hasira: kumetokea nini?

Kilichotokea ni kwamba Senjougahara hakumwona mtoto yule hata mara moja, na dalili zote zilikuwa kwenye porojo alizoziruka. Mwenye haraka na aruke tu. Atafika mwisho mapema, ila asituulize amefika wapi.