Zawadi za Kulazimishwa

Septemba 2014 Apple waliona wateja wao wanahitaji zawadi. Albamu mpya ya bendi ya U2, Songs of Innocence, ikaingizwa kwenye maktaba za watumiaji wa iTunes wapatao milioni 500, watake wasitake. Watu wakaamka na kukuta Bono, mwimbaji wa bendi hiyo, keshahamia simuni, hajabisha hodi. Kelele zilipozidi, kampuni ikabidi itoe ukurasa maalumu wa kumwondoa. Zawadi gani hiyo inayohitaji fundi wa kuitoa!

Ungedhani wenzao walijifunza. Thubutu! Rapa Drake alipotoa albamu ya Scorpion katikati ya 2018, Spotify walibandika sura yake kila pembe, hadi kwenye orodha za nyimbo ambazo yeye hahusiki nazo kabisa. Waliolipia ili wasione matangazo walihoji: hili nalo tuliite nini? Wengine walidai warudishiwe pesa zao.

Amazon angalau hawana aibu ya kuzungukazunguka. Januari 2024 Prime Video ilianza kupachika matangazo ndani ya filamu za wateja wa Marekani ambao tayari walikuwa wanalipa. Asiyeyataka akatakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi. Yaani umeshakata tiketi, umekaa kitini, halafu mwenye ukumbi anakuja kusimama mbele yako na kukutajia bei ya kujisogeza.

Waheshimiwa wenye programu, tumewasikia mnatupenda. Tunaomba kitufe kimoja tu kilichoandikwa “Sitaki”, na tukikibonyeza, mkitii.