Kopo la Maziwa na Tasbihi ya Bibi

Kopo tupu la maziwa ya unga halikosi kazi mtaani kwetu Buzebazeba. Hupimiwa dagaa, huhifadhiwa chumvi, hutekewa maji mtungini. Kwa hiyo mpwa wangu alipolichukua la jikoni, akalipaka rangi nyeusi ndani na kulitoboa ubavuni ili alifanye kamera, nyumba nzima ilijua. Juu ya tundu alibandika kipande cha bati laini alichokikata kwenye kopo la soda, akakidunga kwa ncha ya sindano, akakisugua kwa msasa hadi kijitundu kikabaki kama nusu milimita. Kisha akakiziba kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Utepe ule ndio mlango wa kamera: ukiubandua, mwanga unaingia, ukiurudisha, picha imeshapigwa. Hakuna lenzi, kitufe wala betri.

Mdogo wangu, mpiga picha za harusi, alitupatia karatasi za picha nyeusi na nyeupe pamoja na dawa za kusafishia. Stoo ikawa chumba cha giza, dirisha limezibwa kwa blanketi, taa nyekundu inaning'inia juu ya mabeseni. Visa vikaanza.

Kwanza kitindamimba alifungua mfuniko uani, mchana kweupe, aone picha ilikojificha. Karatasi ya picha iliyomo ndani ikipigwa na jua hata kwa kufumba na kufumbua, haina kazi tena. Ndani ya dawa hugeuka nyeusi tititi. Kisha shangazi alilikuta kopo dirishani wakati wa magharibi, akalitumia kumpimia jirani mawese. Jirani hakufika mbali. Utepe ulikuwa umelegea kwa joto, na mafuta yakachuruzika kijitunduni, membamba kama uzi, hadi kwenye khanga yake mpya. Doa la mawese halitoki kirahisi. Shangazi alilipa khanga, mpwa wangu akatengeneza kopo jingine, na kwa siku kadhaa waliamkiana tu.

Kopo jipya nalo lilikuwa na lake. Utepe uling'ang'ania; akiuvuta, kopo lilitikisika na pichani mchikichi ukatoka miwili miwili. Dawa yake ilikuwa kuweka jiwe juu ya kopo, kushika kadi nyeusi mbele ya kijitundu, kubandua utepe taratibu, kungoja kopo litulie, ndipo kuondoa kadi na kuanza kuhesabu. Lakini ahesabu nani? Jua likiwa kali, kopo letu lilitaka kama nusu dakika. Mtoto alihesabu mbiombio, karatasi ikatoka hafifu. Shangazi aliitwa na mteja katikati ya hesabu, ikaungua.

Bibi alikuwa mkekani barazani, akitazama.

"Mume wangu, njoo," alimwita mjukuu wake. "Kitu chako kinataka utulivu, wewe unakikimbiza."

Mpwa wangu akamweleza kwamba mwanga unaopita kwenye tundu dogo ulichunguzwa takriban miaka elfu moja iliyopita na Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra. Bibi akatabasamu, akatoa tasbihi ya punje 33. Tukailinganisha na saa: kwa mwendo wake wa kila siku, mzunguko mmoja ulikaribia nusu dakika.

Jioni ile, chini ya taa nyekundu, kwenye picha aliyoihesabia Bibi, kingo za paa zilijitokeza kwanza, kisha fito za ua moja moja. Anga lilikuwa jeusi na kivuli cha mwembe cheupe, kwa kuwa karatasi hutoa picha kinyume. Tuliilaza juu ya karatasi nyingine, tukaimulika, ikanyooka. Kuku waliopita uani hawakuonekana kabisa. Naipenda kamera hii kwa sababu mlango wake unafunguliwa kwa mkono wa mtu, na waliopo wote wanalazimika kutulia pamoja mpaka ufungwe.

Ilipofika zamu ya Bibi kupigwa, shangazi alishika kadi na Bibi akajihesabia mwenyewe. Uso umetoka safi, mikunjo yote ipo. Mkono wa kulia ni ukungu, maana vidole vilikuwa vikisukuma punje. Shangazi alitaka irudiwe, ahesabu mtu mwingine. Bibi amekataa: picha ya hesabu ya mtu mwingine haitakuwa yake.

Mpwa wangu ameandika kanuni mlangoni mwa stoo: jua kali, punje 33; mawingu membamba, 66; jua likielekea kuzama, aulizwe Bibi.