Nyungo Mbili za Shimoni

Hapo kale, wala si kale ya kupitiliza, chini ya lile soko ambalo Beda Amuli alilichora na kuliezeka kwa zege mfano wa miavuli, likafunguliwa mwaka 1975, palikuwa na dola ya panya. Watu wa Kariakoo hupaita mahali hapo Shimoni, nao hushuka na kupanda pasi na kujua kwamba nyuma ya magunia kuna mfalme, baraza na chuo cha watoto.

Mwalimu wa chuo alikuwa Bibi Buku, ajuza wa ukoo uleule ambao huko Morogoro hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa, kazi isiyotaka pupa. Usiku, wachuuzi wakiisha kufunga, Bibi huita, "Hadithi, hadithi!" na vitoto vikaitika, "Hadithi njoo!" Akavisimulia habari za Kima wa juu ya mkuyu kando ya bahari, aliyemrushia Papa matunda hata wakawa marafiki, mpaka siku Papa alipombeba mgongoni akamfichulia katikati ya maji kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, ala, mbona hukuniambia mapema, sisi mioyo huiacha mtini, turudi nikauchukue. Alipokwisha kukwea, naye Papa angali akingoja chini, Kima akamtolea hadithi ya Punda wa dobi, aliyealikwa na Sungura kwa Simba, akaponea chupuchupu, akaalikwa tena, akaenda, akaliwa. Sungura akaiba moyo na masikio, kisha akaapa kwamba mnyama yule hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Hapo chuo huchemka. Huyu husema Papa na Sungura ni pipa na mfuniko. Yule hukataa, kwamba Papa alisema kweli njiani, ilhali Sungura hakuisema hata mwisho. Mwingine huuliza kama Punda alikuwa mjinga au alikuwa na njaa tu. Bibi hakuamua ugomvi, alitafuna karanga zake. Mimi naona hakuna darasa bora kuliko hilo, ila sikuulizwa.

Kelele zikamfikia Kunguru, Mkaguzi Mkuu wa Vyuo, mwenye kiti chake mitini Mnazi Mmoja. Wazee wake waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, na hadithi ya Kima nayo ilivuka bahari: kule India adui ni mamba, kwa Waarabu ni kasa, hapa pwani akawa papa. Laiti Mkaguzi angemuuliza bibi yake, angepata cha kulinganisha mwaka mzima. Yeye aliuliza, "Hawa wanalinganisha hadithi?" Akajibiwa, "Wanabishana." Akasema, "Ubishi hauna alama."

Akaleta nyungo mbili, akazipandanisha kidogo ukingoni. Punje za kushoto ni za hadithi ya kwanza, za kulia ni za pili, na zile za katikati ni za zote mbili. Tusimwonee: ungo ni chombo chema, na anayeujua hutenga chuya na mchele kwa mtikiso mmoja. Lakini hutangulia mchele.

Na mchele ndio uliokosa nafasi. Muhula ulikuwa mfupi, mtihani u karibu, baraza likaagiza hadithi zipunguzwe. Kwanza ikawa moja kwa wiki, halafu muhtasari, halafu majina yake tu. Bibi Buku akaitwa semina siku tatu, akapewa soda na posho, akaelezwa hadithi ni kitu gani. Aliporudi alikuta vitoto vimekaa mistari, vikiimba kwa sauti moja, "Zote mbili zina wahusika, mahali na mwisho!" Jibu hilo halikukosea, maana duniani hakuna hadithi mbili zitakazolikataa, na hiyo ndiyo sifa iliyompendeza Mkaguzi. Upesi vijana wa Mtaa wa Kongo wakawa wanauza punje zilizokwisha kupangwa, kwa kifurushi.

Siku ya mtihani kila kipanya kilijaza katikati, kikapata alama zote. Kimoja tu, chenye sikio lililochanika, kiliduwaa, kisha kikachukua ungo mdogo kikautia ndani ya ule mkubwa. Kikasema, "Hii ya Punda imo kinywani mwa Kima. Kima ndiye aliyelinganisha kwanza, akajiona yeye si Punda." Kunguru akainamisha shingo huku, akaiinamisha kule, akapekua majibu yake. "Halimo," akasema, akakipa sufuri.

Haukupita mwezi, Paka wa buchani akavialika vitoto kwenye karamu ya utumbo. Vilipofika aliruka, bahati gunia likamwangukia, vikatawanyika. Wiki ya pili akaja amelowa machozi, akaeleza kwamba ile ilikuwa furaha ya mwenyeji, watu walikifasiri vibaya kitendo chake, na safari hii kuna dagaa. Vikashauriana, vikatazama karamu ya kwanza na ya pili, vikakumbuka somo: zote mbili zina wahusika, mahali na mwisho. Vikajipanga mstari, vikatoka.

Kile chenye sikio lililochanika kilifika mlangoni, kikajipapasa kifuani. "Tangulieni," kikasema. "Moyo wangu nimeusahau ndani."

Asubuhi Mkaguzi alikuja kuhesabu mahudhurio. Akaandika kwamba utoro umezidi Shimoni, akaagiza nyungo nyingine mia.