Uvundo wa Siti ya Mbele

Masika yakianza Dar es Salaam, kila mwenye gari huiogopa Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa, na picha za magari yaliyozama huzagaa kwenye simu kabla mvua haijakatika. Mimi Jangwani sikupita. Gari langu halikugusa mafuriko, na bado kapeti la upande wa abiria likalowa chapachapa.

Maji yenyewe yana adabu, hukaa chini. Shida ni sponji nene lililojificha chini ya kapeti: likishayanywa, halitapiki. Ukigusa juu pakavu, chini bwawa. Na kwa joto letu la pwani, siku mbili tu zinaitosha kuvu kujenga. Hii yangu ilianza kwa vidoa vya kijivu kwenye mkanda, ikapanda siti, ikahamia kwenye usukani.

Gari likinuka ndipo utajua nchi hii ina madaktari wengi. Jirani aliagiza karai la mkaa chini ya siti. Mwenzangu wa kazini akashikilia buni zilizosagwa. Kijana wa kuosha magari akaning'iniza manukato kwenye kioo, likawa gari la kuvu iliyojipulizia marashi. Shangazi yangu wa Tanga hakutaka maneno: alipandisha vioo, akatua chetezo, akalifukiza udi. Tulipofungua milango, mpita njia akauliza harusi ni ya nani.

Siki nyeupe, niseme haki, ilisaidia kwenye plastiki, ila nilifika ofisini nanuka achari.

Abiria walikuwa waungwana mno. Hakuna aliyetamka neno harufu. Walisema tu, "Tushushe vioo kidogo tupate upepo," huku nje mvua inapiga.

Mwishowe nikalipeleka gari kwa fundi. Yeye hakunusa wala hakuagiza dawa. Aliuliza, "Bosi, ukiwasha AC, maji yanadondoka chini ya gari?" Hayakuwa yakidondoka. Kumbe kile kidimbwi chini ya magari ya watu ni dalili ya afya! AC hukamua unyevu hewani, na maji yake hutokea kwenye kibomba chembamba cha mpira. Changu kilikuwa kimeziba kwa tope, maji yakaona bora yamwagikie miguuni kwa abiria. Yaani kila nilipowasha AC kufukuza uvundo, nilikuwa naumwagilia.

Akakipuliza kibomba kwa upepo wa kompresa, maji yakatoka kwa hasira. Kisha akang'oa siti na kapeti, akakataza visirudi mpaka sponji likauke kabisa.

Nikavianika uani. Siti hazikukaa tupu hata asubuhi moja: wazee wa mtaa walizisogeza kivulini, kila mmoja akaegemea kwa kiwango anachopenda, wakaweka bao katikati. Jua la kuzikaushia likabaki linapiga mchanga mtupu, na mimi nikaambiwa nisubiri mchezo uishe.