Barua ya Wazi: Ombi la Kuutambua Mnara wa 759

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Simu (msomaji ajaze mwenyewe jina la laini yake),
Dar es Salaam.

YAH: KICHUGUU CHETU, BANDO LETU NA MENGINEYO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza kwa pongezi. Ujumbe wenu umenifikia salama: "Ndugu mteja, kifurushi chako kimeisha muda wake." Ulifika kwa dakika yake, usiku, mvua ikinyesha, katika nyumba ambayo intaneti ilikuwa imegoma tangu alfajiri. Siku hiyo cheti cha binti wa jirani hakikupita. Sauti ya sekunde chache kutoka kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Kabanga haikupita. Bei ya maharage kutoka Kahama haikupita. Ujumbe wa kunifungia ulipita bila kubisha hodi.

Najua mtanijibu kitaalamu, kwa hiyo nimejiandaa. Ujumbe mfupi ni mwepesi, herufi 160 tu, nao husafiri kwenye njia ile ile ambayo simu na mnara hutumia kuitana, wala hauhitaji intaneti. Sawa kabisa. Tangu Desemba 3, 1992, Mwingereza Neil Papworth alipotuma ule wa kwanza wa kutakia heri ya Krismasi, teknolojia hiyo imekuwa ya kuaminika. Basi tuuzieni hiyo. Mbona mnatuuzia ile nyingine ambayo hamnayo?

Nawapongeza pia kwa utii. Kanuni ndogo za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2021 zinawataka mumwarifu mteja matumizi ya kifurushi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Sijaona sheria nyingine nchini inayotekelezwa kwa ibada kama hiyo. Kanuni hizo hizo zinasema MB zilizobaki zinaendelea kutumika endapo nitanunua kifurushi kile kile kabla muda wake haujaisha. Huruma hiyo naithamini. Tatizo ni kwamba ili zibaki lazima nilipe tena, na bila intaneti nitakuwa ninazihamisha tu hizo MB, si kuzitumia.

Sasa tuje kwenye saa 24 zenu. Ninajiunga asubuhi, 4G inasoma juu ya kioo, nafungua ukurasa, kiduara kinazunguka. Kinazunguka nikienda shamba, kinazunguka nikirudi. Jioni kinapoamka kidogo, na mimi nikianza kuona picha ya juu ya gazeti, muda umekwisha. Saa imehesabiwa yote, pamoja na zile ambazo hamkuwepo. Mchuuzi wa soko la Kasulu akikuuzia gunia la maharage, akalifungia ghalani kwake mchana kutwa, kisha jioni akakwambia muda wa kula umepita lete hela nyingine, huyo haitwi mfanyabiashara. Anaitwa mwizi, na sokoni hapo wapo watu wa kumwambia usoni. Nyinyi mnakaa ghorofani Dar es Salaam, hamfikiwi, na mnajua hivyo.

Samahani, Mheshimiwa. Kalamu ya kijijini haina spidi gavana.

Ombi letu kuu ni hili. Mei 13, 2023, pale Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Tulishangilia kama wengine. Wastani wake ni kama shilingi milioni 166 kwa mnara mmoja. Sisi tunao mnara ambao haukuomba hata senti. Ulijengwa na mchwa, bila mkandarasi na bila kukata utepe, kwenye mgongo wa kilima baina ya mashamba ya mihogo. Ni kichuguu. Tunaomba kitambuliwe rasmi kuwa mnara wa 759.

Sifa zake kitaalamu zinajitosheleza. Milima yetu hii, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina mabonde mengi, na mawimbi ya redio hayashuki bondeni kumtafuta mtu. Kile kichuguu kinauona mnara wenu wa mbali bila kizuizi, nacho humnyanyua mtu kimo kinachotosha kuivuka migomba. Ukisimama bega lake la mashariki, simu juu ya kichwa, data inapita. Bega la magharibi ni la kupiga tu. Kileleni kuna nafasi ya mtu mmoja, na hapo hata video huanza kucheza.

Utaratibu wa huduma tayari upo, tena bila "bonyeza moja, bonyeza mbili". Mwenye msiba hupanda kwanza. Anafuata kijana anayeomba mkopo wa chuo au kazi kwenye mfumo wa ajira, hasa ikiwa ni siku ya mwisho na PDF zake ni nzito. Kisha walimu, kisha madalali wa maharage na tangawizi. Wapenzi wanasubiri giza. Mzee akipanda, vijana humshika mkono, na yeyote aliye chini haruhusiwi kusikiliza yasiyomhusu, ingawa sote tunasikiliza.

Kwa hiyo tunaomba kichuguu kipewe hadhi. Kiwekewe namba ya usajili na kibao cha "Hatari, Usiguse". Kiwekewe taa nyekundu juu kwa usalama wa ndege, japokuwa zinazoruka hapo ni kunguru. Kiwe na mlinzi mwenye koti zito, anayelala kuanzia saa mbili usiku kama walinzi wa minara mingine. Mwenye shamba alipwe kodi ya kila mwezi, kama wanavyolipwa wenye viwanja vilivyosimamishwa minara ya chuma. Tunaomba benchi moja na mwavuli wenye nembo yenu, ili mvua ikitunyeshea tujue ni kwa udhamini wa nani.

Kuhusu uongozi, hatuhitaji mmlete meneja. Yupo. Malkia wa mchwa huweza kuishi zaidi ya miaka 10, hatoki ofisini, hana semina wala likizo, na wafanyakazi wake hawajawahi kumwambia mteja "mfumo uko chini". Tunachoomba ni barua yake ya uteuzi. Msimu wa mvua, kumbikumbi wanaporuka, tawi litafungwa usiku mmoja kwa sababu wateja wote tutakuwa tunaokota kitoweo. Hapo mtutumie ujumbe: "Ndugu mteja, huduma itasitishwa kupisha matengenezo." Ujumbe utafika, hatuna wasiwasi. Na itakuwa mara ya kwanza kwa matengenezo yenu kutushibisha.

Siku ya uzinduzi tunakualika wewe mwenyewe. Usije na kifurushi cha ofisi. Nunua bando la siku kwa hela ya mfukoni mwako, saa 12 asubuhi, stendi ya Kasulu. Panda nasi hadi kilimani, subiri foleni, kuna msiba wa watu mbele yako. Ikifika zamu yako, hutubia taifa mubashara. Ikikata katikati ya salamu usijali, sisi tutakupigia makofi hivyo hivyo. Usiku utapata ujumbe wako.

Mengine ni madogo, nitayapitia haraka.

Tafadhali ondoeni lile bango lenu la 5G mlilotuwekea huku, au mliandike kwa lugha ya historia. 5G iliwashwa Dar es Salaam Septemba 2022, na tunawaombea heri walioko huko. Ila wimbi la megahezi 3,500 lina urefu usiofika sentimita 9, nalo huchoka mapema likikutana na ukuta, mti au kilima. La megahezi 700 lina sentimita 43 hivi, hufika mbali na kupinda kidogo kwenye vizuizi, na masafa hayo TCRA ilianza kuyapiga mnada tangu 2018. Kwa hiyo sisi wa milimani hatukuomba kasi ya kupakua filamu kwa kufumba na kufumbua. Tuliomba wimbi refu, lifike. Mkaleta bango.

Simu janja za mkopo zinazojifunga malipo yakichelewa, tunaomba zijue kufunguka pia. Jirani amelipa kwa wakala Kibondo mjini, risiti anayo, simu imefungwa, na ili ifunguke inataka intaneti. Kwa sasa anatumia kiswaswadu chake cha zamani, chenye tochi, ambacho hakijawahi kumdai mtu.

Visingizio navyo vipangwe upya. Zamani mlisema ni umeme. Oktoba 2022 Rais alizindua gridi ya taifa huku, na majenereta ya Kasulu na Kibondo yakazimwa. Sasa mnasema mkongo wa mawasiliano umekatwa na wajenzi wa barabara. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu ni kilomita 260. Mtuambie basi ni kilomita ipi imekatwa leo, twende na majembe tusaidie.

Jumbe zenu za bahati nasibu: mniondoe. Sijawahi kuomba kuwa milionea saa tisa usiku.

Lipo na la mpakani, ambalo nilikusudia kuliandika kwa ucheshi nikashindwa. Mtu wa Mabamba akipanda kilima chake mwenyewe, ndani ya wilaya ya Kibondo, ndani ya Tanzania, simu hutoa mlio: karibu Burundi, gharama zako za kupiga ni hizi. Hii laini mnayoikaribisha Burundi tuliisajili kwa alama za vidole. Kipindi kile cha mwisho wa 2019 hadi Januari 20, 2020, nchi nzima ilipokuwa mbioni, wengine walipanga foleni wakaondoka na namba zao za kitambulisho cha taifa, zilizohitajika kusajili laini. Sisi wa mkoa huu tuliulizwa kwanza babu amezikwa wapi, na baba yake babu, na kwa nini tunatamka hivi. Tukayaonyesha makaburi. Tukaonyesha vidole vyote kumi. Ndipo tukakubaliwa kuwa Watanzania, na ndipo laini ikafunguliwa. Halafu laini hiyo hiyo, kwa hela yetu, inatuhamisha nchi tukiwa tumesimama mlangoni kwetu. Hamjui inavyouma, na sidhani kama mmewahi kuuliza.

Haya. Narudi kwenye adabu. Ng'ambo hiyo ya mpaka intaneti ya satelaiti ya Starlink ilifunguliwa mwaka 2024, kama ilivyofunguliwa Rwanda mwaka mmoja kabla, wakati sisi tulikuwa bado tunasoma habari za leseni. Ule ujumbe wa kukaribishwa Burundi umeanza kusikika kama ushauri.

Ombi la mwisho halina utani. Mitambo yenu inaandika kila huduma inapokatika na inaporudi, kituo kwa kituo. Bando lihesabiwe kwa kumbukumbu hizo. Intaneti ikiwepo saa sita, mmeuza saa sita, na zile 18 mturudishie bila kuombwa, kwa kasi ile ile mnayotumia kukata. Hela ya saa ambazo hamkuwa na huduma ni deni, na majina ya wanaowadai mnayo, pamoja na alama za vidole vyao.

Mkijibu, msijibu kwa WhatsApp. Andikeni kwenye karatasi, mumkabidhi konda wa basi la Kasulu. Basi huchelewa, lakini mzigo uliolipiwa hushushwa.

Wenu mtiifu kwa kukosa namna,
Mteja wa milimani,
Kasulu.